Ukionywa, Ufanye Nini? Mwongozo wa Mkristo wa Kupokea Maonyo na Kutubu

Mfalme Sauli na mfalme Daudi wote wawili waliendewa na nabii, na wote wawili walikiri kwa kinywa chao kwamba wamefanya dhambi. Ukiyapima makosa yenyewe kwa macho ya kibinadamu, la Daudi ndilo la kutisha zaidi: alimchukua mke wa Uria, kisha akapanga Uria auawe vitani. Lakini aliyekataliwa ni Sauli. Soma 1 Samweli 15 taratibu uone. Kwanza anamwambia nabii Samweli kwamba amelitimiza neno la BWANA, na huku kondoo aliopaswa kuwaangamiza wanalia nyuma yake. Akibanwa, anasema ni watu ndio waliowaacha hai. Akibanwa zaidi, anakubali kosa, ila anasema aliwaogopa watu. Na katika mstari wa 30 ndipo moyo unapotoka wote: nimefanya dhambi, lakini uniheshimu sasa mbele ya wazee wa watu wangu.

Hapo ndipo wengi wetu tunapokwama. Tuko tayari kusema tumekosa, mradi heshima yetu mbele ya wazee ibaki mahali pake. Mwongozo huu ni wa Mkristo aliyeonywa juzi au jana usiku, na kifua bado kinachemka. Nawafikiria hasa ndugu wa ibada za Kiswahili hapa Uganda, ambako benchi moja hukaliwa na Mkongo aliyekimbia vita, askari, mfanyabiashara wa Busia na Mganda aliyejifunza Kiswahili sokoni. Kila mmoja amelelewa na adabu zake kuhusu nani anaweza kumwambia nani neno gani. Mzee akionywa na kijana huona ametukanwa. Baba akiambiwa mbele ya mkewe huona amevuliwa nguo. Na kwa sababu wengi wako mbali na kwao, kanisa ndilo ukoo wao, hivyo kuaibika kanisani ni kuaibika mbele ya ukoo mzima. Uzito huo naujua na siudharau. Ila ndio huohuo uliomwangusha Sauli.

Saa ya kwanza: funga mdomo, weka simu mbali

Tuchukue mfano mmoja tuufuate hadi mwisho. Mama mmoja ni mweka hazina wa kwaya. Wanakwaya wamechanga shilingi 400,000 za sare. Shule zimefunguliwa, mwanawe amerudishwa nyumbani kwa kukosa ada, na mama akazichukua zile fedha akitumaini kuzirudisha kabla hazijaulizwa. Zikaulizwa. Jumamosi jioni mzee wa kanisa anapiga hodi, anakaribishwa, anawekewa chai. Chai inapoa. Kisha anasema, "Mama, nimekuja kwa jambo la fedha za kwaya. Fundi anasema hajalipwa, na wewe ulituambia umeshamlipa."

Majibu yanayokuja upesi tunayajua. "Nani amekwambia?" "Mbona mwenyekiti alikopa mwaka jana na hamkusema kitu?" "Mnanionea kwa sababu mimi si wa hapa." Huenda hata kuna ukweli ndani ya hayo. Lakini hakuna hata moja linalojibu swali la fundi, na kila moja likishatoka halirudi. Yakobo 1:19 inataka tuwe wepesi wa kusikia, wazito wa kusema, wazito wa kukasirika, na mpangilio huo una maana yake: hasira huja mwisho, ikija.

Kama unajua kwamba ni kweli, sema hapo hapo: "Mzee, ni kweli." Usiombe siku mbili za kufikiri jambo unalolijua tangu mwezi uliopita, hizo siku mbili utazitumia kutunga. Kama huna hakika, au umevurugika kiasi kwamba huwezi kuongea kwa adabu, sema: "Mzee, asante kwa kuja kwangu mwenyewe kabla ya kwenda kwa wengine. Nimesikia. Naomba unipe mpaka kesho jioni nikujibu vizuri." Halafu kesho jioni uende wewe kwake, usimngoje arudi.

Mgeni akishatoka, simu ndiyo jaribu linalofuata. Usiandike chochote katika kikundi cha kwaya. Usiweke kwenye WhatsApp yako ule mstari wa Zaburi 23 kuhusu meza iliyoandaliwa machoni pa watesi. Neno la Mungu halikutolewa liwe kombora la kumrushia mzee aliyekunywa chai yako. Na usimpigie rafiki yule ambaye unajua tangu mwanzo atasema umeonewa. Ukimpigia huyo hutafuti ushauri, unakusanya jeshi.

Andika ulichoambiwa, kwa maneno ya aliyekuambia

Usiku huohuo chukua karatasi. Andika maneno ya mzee kama alivyoyasema, si kama yalivyokuchoma. Yeye alisema: "Fundi hajalipwa, na ulituambia umelipa." Wewe moyoni umesikia: "Wewe ni mwizi, na watoto wako ni watoto wa mwizi." Mambo haya ni mbali kabisa. Mengi ya majibu yetu makali hujibu kile cha pili, ambacho hakuna aliyekitamka.

Kama ulichoambiwa hakieleweki, rudi ukaulize: lini, wapi, nani aliumia, ulitaka nifanyeje? "Una kiburi" ni neno zito lakini halishikiki. "Jumapili iliyopita ulimkatiza mama mzee mara tatu kwenye kikao" linashikika, na linaweza kutubiwa. Uliza kwa sauti ya mwanafunzi. Ukiuliza kwa sauti ya wakili, aliyekuonya ataogopa na kusema, "Basi, yaishe," na utakuwa umeshinda hasara.

Chuja kilicho kweli

Kuna maonyo ya kweli yote, ya kweli nusu, na ya uongo. Ya kweli nusu ndiyo yanayotupoteza, kwa kuwa tunaikamata ile nusu ya uongo na kuikalia. Aliyekuonya amesema ni laki tano, kumbe ni laki nne; basi mazungumzo yote yanageuka kuwa ya laki moja ambayo haikuchukuliwa. Fanya kinyume. Shughulika kwanza na nusu ya kweli, uimalize, halafu kama bado kuna haja, isahihishe ile nyingine kwa upole.

Usiyakatae maonyo kwa sababu ya aliyeyaleta au namna alivyoyaleta. Daudi alipokuwa akimkimbia mwanawe Absalomu, Shimei, mtu wa ukoo wa Sauli, alimrushia mawe na matusi njia nzima. Abishai, askari wa Daudi, akataka kwenda kumkata kichwa. Daudi akamzuia, akasema huenda ni BWANA aliyemwagiza (2 Samweli 16). Shimei alikuwa amekosea mengi, na hata hivyo Daudi aliutafuta mkono wa Mungu ndani ya kelele zile. Kwetu nyani haoni kundule, ndiyo maana Mungu hutumia macho ya wengine, na mara nyingine macho hayo ni ya mtu tusiyempenda.

Kama bado huoni kosa lako, mtafute mtu mmoja asiyekuogopa na asiyekula kwako, umpe ile karatasi, umwulize: "Kwa jinsi unavyonijua, hili lina ukweli?" Kwa wengi mtu huyo ni mke au mume. Ukimwuliza, umwache amalize.

Pale ambapo si maonyo bali ni mtego

Naomba nikae hapa kidogo, kwa sababu katika nchi hii neno unyenyekevu limetumiwa vibaya kwa gharama ya damu. Tarehe 17 Machi 2000, kule Kanungu, kusini magharibi mwa Uganda, mamia ya watu waliangamia kwa moto ndani ya jengo la ibada la kundi lililojiita la kurejesha Amri Kumi za Mungu. Miili mingine ilikuja kufukuliwa katika nyumba za kundi hilo. Walikuwa wamefundishwa kutii viongozi wasiohojiwa na mtu yeyote.

Kwa hiyo shika alama hizi. Maonyo ya kweli hutaja jambo lililofanyika na yana andiko linaloeleweka bila ufunuo wa pekee wa kiongozi. Anayekuonya naye huonywa. Kuna watu juu yake na pembeni yake. Hakuombi fedha ili kosa lifutwe. Hakutengi na wazazi wako au mwenzi wako wa ndoa. Hakukatazi kwenda kumwuliza mchungaji mwingine. Ukikuta kinyume cha haya, huna deni la kunyamaza. Bwana Yesu alipopigwa kofi mbele ya kuhani mkuu hakurudisha kofi, lakini aliuliza: kama nimesema vibaya, ushuhudie ule ubaya, na kama vema, wanipigia nini? (Yohana 18:23). Unyenyekevu unaweza kuuliza swali.

Na mambo mengine hayaishii kwenye kikao cha wazee. Mtoto akinajisiwa, mke akipigwa, hilo ni la polisi. Polisi wa Uganda wana kitengo cha ulinzi wa watoto na familia, na Sheria ya Ukatili wa Nyumbani ya mwaka 2010 ipo. Aliyeumizwa asiambiwe "mnyenyekee mumeo", na aliyeumiza, kama ametubu kweli, atakwenda kuyakabili ya sheria bila kuburutwa.

Mbele za Mungu kwanza

Kabla ya kurudi kwa mzee, piga magoti. Paulo anataja huzuni mbili katika 2 Wakorintho 7:10: ile iliyo kwa jinsi ya Mungu, iletayo toba, na ile ya dunia, iletayo mauti. Petro na Yuda walimkosea Bwana usiku mmoja na wote walihuzunika. Petro alilia kwa uchungu, akabaki pamoja na ndugu zake mpaka Bwana akamrudia. Yuda alizirudisha fedha, akakiri hata dhambi yake, lakini kwa makuhani waliomjibu, "Basi, haya yatupasa nini sisi?" Akatoka peke yake. Ukiona huzuni yako inakusukuma ukae peke yako, uache ibada, uzime simu, usiiamini.

Soma Zaburi ya 51, ambayo Daudi aliiomba baada ya nabii Nathani kumwonya. Usiharakishe. Taja jambo lenyewe kwa Mungu kwa jina lake: nimesema uongo, nimechukua kisicho changu. Kisha uamini ahadi: "Tukiziungama dhambi zetu, Yeye ni mwaminifu na wa haki hata atuondolee dhambi zetu" (1 Yohana 1:9). Anayekwenda kwa ndugu yake akiwa tayari amesamehewa na Mungu hana haja ya kupigania heshima, kwa sababu iliyo kubwa ameshapewa.

Kuungama kwa maneno yanayoeleweka

Hiki ndicho kiini, na ndipo tunapoharibu zaidi. Msikilize huyu mama akiungama vibaya: "Mzee, kama kuna mtu nimemkwaza katika jambo hili la fedha, naomba anisamehe. Shetani alinipitia. Mnajua maisha ya sasa yalivyo magumu. Hakuna aliye mkamilifu."

Maneno hayo yanapendeza sikioni na yanatosha kumaliza kikao. Lakini yaangalie. "Kama kuna mtu": watu wapo, wana majina, walichanga. "Shetani alinipitia": mwenye kosa amekuwa mwingine. "Maisha magumu": ni kweli, na waliochanga nao maisha yao ni magumu. "Hakuna aliye mkamilifu": sasa sote tumekosa, kwa hiyo hakuna aliyekosa.

Sasa msikilize tena: "Mzee, zile shilingi 400,000 za sare nilizichukua mimi, nikalipia ada ya mtoto. Mlipouliza, niliwaambia nimeshamlipa fundi. Huo ulikuwa uongo. Niliogopa aibu. Nimewakosea wanakwaya na nimemkosea fundi, nimekukosea na wewe. Naomba mnisamehe. Nataka kuzirudisha, na nitaeleza namna nitakavyozirudisha."

Kosa limetajwa, kiasi kimetajwa, waliokosewa wametajwa. Hakuna "lakini". Sababu ipo (ada ya mtoto), ila imesemwa kama jambo lililotokea, si kama ngao. Na angalia kwamba uongo umetajwa peke yake. Kwa kawaida tunaungama lile lililogunduliwa na kuliacha lile tulilolifunika nalo, na ni hilo la pili linalovunja uaminifu kwa miaka.

Kuhusu kupiga magoti: katika desturi za hapa, hasa Buganda, kupiga magoti ni heshima ya kila siku, na mtu anaweza kupiga magoti huku moyo umesimama wima. Ukipiga, piga. Lakini usiache magoti yaseme kile ambacho mdomo unakwepa.

Nani asikie?

Uganda ina urithi mkubwa katika jambo hili. Mwaka 1929 Simeoni Nsibambi, Mganda, na daktari Joe Church, mmisionari aliyekuwa akifanya kazi Gahini nchini Rwanda, walikutana mlima wa Namirembe, wakasoma Maandiko na kuomba pamoja, na kutoka kwenye ushirika wa namna hiyo uamsho ukaenea Uganda, Rwanda, Burundi, Kenya na Tanganyika. Waliookoka, Balokole, walisisitiza kutembea nuruni: kuungama dhambi waziwazi, kurudisha vilivyoibwa, kupatana hata na mtu wa rangi nyingine. Festo Kivengere, aliyekuja kuwa askofu wa Kigezi, alisimulia jinsi alivyopanda baiskeli mwendo mrefu kwenda kumwomba radhi mzungu aliyekuwa akimchukia moyoni. Mzungu yule hakuwa amemwita. Kivengere alikwenda kwa sababu amri ilitoka juu.

Urithi huo tuushike, kwa kipimo. Kosa liungamwe kwa upana uleule lilikofika. Ulichomfanyia mtu mmoja faraghani, malizana naye faraghani, ndivyo Mathayo 18:15 inavyoanza. Fedha za kwaya ni za kwaya, kwa hiyo wanakwaya wasikie. Kanisa zima si lazima. Na ukiungama hadharani, ungama yako tu. Nimesikia shuhuda ambazo aliyeungama alitoka mwepesi, na dada fulani aliyetajwa ndani yake akashindwa kurudi kanisani. Hiyo si nuru.

Kuna kundi moja tunalolisahau kabisa: watoto wetu. Baba wa Kiafrika kumwambia mtoto wa miaka 9 "nisamehe" kunaonekana kama kuishusha nyumba. Lakini yule mtoto aliyechapwa kwa kosa la ndugu yake anajua. Mama yake anajua. Mwite, kaa chini ulingane naye, umwambie, "Mwanangu, jana nilikuchapa bila kukusikiliza. Nilikosea. Nisamehe." Usiongeze "lakini na wewe uwe unasikia." Nina hakika hakuna mahubiri ya toba yatakayomwingia mtoto huyo kama sentensi hizo tatu.

Kulipa

Zakayo hakuishia kulia. Alisema nusu ya mali yake anawapa maskini, na aliyemnyang'anya kwa hila anamrudishia mara nne (Luka 19:8). Torati ilidai kilichochukuliwa kirudishwe na kuongezwa sehemu ya tano. Sisi hatuko chini ya hesabu hiyo, lakini toba isiyogusa mfuko pale mfuko ulipohusika bado haijafika.

Mama wetu hana 400,000 leo. Basi aandike: kila Jumamosi shilingi 50,000, kwa wiki 8, mikononi mwa mzee, mbele ya mwanakwaya mmoja, wote watatu wakitia sahihi. Akituma kwa simu, ujumbe wa malipo utunzwe. Wiki akikosa, aseme Ijumaa kabla hajaulizwa. Asiahidi kulipa yote kwa mwezi mmoja kwa sababu ya aibu, halafu ashindwe. Ahadi iliyozidi uwezo ni uongo mwingine unaoandaliwa. Kama kosa lilikuwa la maneno, malipo ni maneno: rudi kwa kila uliyemsengenyea, useme kwamba ulichosema hakikuwa kweli.

Kubaki chini kwa muda

Kanisa linaweza kukuondoa kwenye nafasi, au kukuzuia usishiriki Meza ya Bwana kwa kipindi. Wengi huhama kanisa hapo. Ng'ambo ya barabara kuna kanisa jipya lenye spika kubwa, litakupokea Jumapili hii na kukupa maikrofoni Jumapili ijayo. Usiende. Daudi alisamehewa siku ileile, na bado matokeo ya alichofanya yaliingia nyumbani mwake. Kusamehewa ni jambo la neema na hutolewa mara moja. Kuaminiwa hujengwa, na wanaoamua kasi yake ni wale uliowaumiza. Njoo ibadani, kaa benchi la nyuma, fagia, imba ukiwa kwenye kiti chako. Usiulize kila mwezi utarudishwa lini.

Kisha mrudie aliyekuonya. Pale Antiokia Paulo alimpinga Petro uso kwa uso mbele ya wote (Wagalatia 2), naye Petro alikuwa mkubwa wake katika imani. Miaka ilipita, na Petro alipomtaja Paulo katika waraka wake wa pili alimwita ndugu yetu mpenzi. Kwa hiyo msalimie mzee wako kama zamani. Mwalike tena chai. Mwambie: "Ukiniona narudi kule, njoo uniambie tena."

Wasipokusamehe

Inatokea. Mwanakwaya mmoja anakataa mkono wako, anasema mbele ya watu kwamba toba yako ni ya kuigiza. Usimhubirie kuhusu kusamehe. Wewe si mtu wa kumpa somo hilo kwa sasa. Mwambie, "Una haki ya kuumia. Sehemu yako ya fedha nitaileta kwa mzee Jumamosi," na uilete kweli siku uliyotaja. Akikataa hata fedha, mzee aiandike kwenye daftari na aitunze mpaka atakapoihitaji. Endelea kumsalimia kila Jumapili, asipoitikia msalimie tena Jumapili inayofuata.